Potifolio ya kielektroniki kwa wanafunzi wa uuguzi na ukunga: tusihamishe logibuku kwenye simu tukadhani tumemaliza kazi

Mkufunzi wa Leba (mleta uzi)

Wadau wa elimu ya afya, nawasalimu.

Kila mwisho wa muhula hutokea jambo moja katika chuo ninachofundisha, nami naamini wakufunzi wa vyuo vingine wanalifahamu. Wanafunzi wa uuguzi na ukunga hurudi kutoka wodini wakiwa na logibuku zao, vile vitabu vyenye majedwali ya kazi wanazotakiwa kuzifanya wakisimamiwa: kuweka kanula (kile kimrija cha mshipani), kuingiza mpira wa mkojo, kumpima mama mjamzito, kuzalisha, kushona msamba. Nikifungua kurasa hizo nakuta sahihi za miezi mitatu zilizotiwa kwa kalamu moja na kwa mwandiko uleule wa haraka, na yeyote aliyewahi kusimamia wanafunzi anatambua kuwa zote zilitiwa siku moja, pengine mlangoni, muuguzi akiwa ameshabeba mkoba wake kwenda nyumbani. Simlaumu muuguzi huyo, kwa maana nami nilipokuwa wodini nilitia sahihi za namna hiyo zaidi ya mara moja, kwa wanafunzi ambao sura zao nilizikumbuka lakini kazi zao sikuzikumbuka.

Ninaleta uzi huu kwa sababu chuo chetu kinafikiria kuacha logibuku ya karatasi na kuanza potifolio ya kielektroniki. Katika vikao viwili nilivyohudhuria, muda karibu wote ulitumika kujadili programu ipi inunuliwe na kwa bei gani. Nilitoka nikiwa na wasiwasi. Potifolio humfundisha mwanafunzi pale tu ambapo kuna mtu anayeisoma na kumjibu wakati tukio bado liko hai kichwani mwake, na mtu huyo hauzwi pamoja na programu.

Niseme kwanza ninachokimaanisha, kwa kuwa neno lenyewe linatumika kwa namna nyingi. Wazazi wa Kenya ambao watoto wao wako katika mtaala wa umilisi wanaifahamu potifolio kuwa ni jalada la kazi za mtoto. Kwa mwanafunzi wa afya ni zaidi ya hapo. Ni mkusanyiko anaoumiliki mwenyewe, unaobeba kazi alizozifanya, mrejesho aliopewa na wasimamizi, tathmini alizofanyiwa kando ya kitanda cha mgonjwa, na maandishi yake ya tafakuri kuhusu yaliyomtokea. Logibuku humuuliza amefanya mara ngapi. Potifolio humuuliza aliona nini, aliambiwa nini, na mara iliyofuata alibadilisha nini.

Mwaka 1990 Mmarekani George Miller alieleza umahiri wa kitabibu kwa mfano wa piramidi yenye ngazi nne: chini kabisa mtu anajua, juu yake anajua namna ya kufanya, kisha anaonyesha namna ya kufanya, na kileleni anatenda katika kazi yake ya kila siku. Mitihani yetu ya maandishi inapima ngazi mbili za chini, na mitihani ya vituo, yenye midoli na wagonjwa wa kuigiza, inafika ya tatu. Kilele kiko wodini, saa tisa usiku, ambapo mkufunzi hayupo. Kwa miaka mingi ushahidi pekee tulioupata kutoka huko umekuwa sahihi.

Muhula mmoja nilifanya jaribio dogo kwa wanafunzi sita, kwa kutumia kurasa za kawaida za mtandaoni ambazo mimi na mwanafunzi husika pekee tuliweza kuziona. Mmoja wao, baada ya kuzalisha kwa mara ya tatu, aliandika mistari minne tu, na katika mistari hiyo alisema kuwa mama alitokwa na damu "kiasi cha kawaida, kama mililita 200". Nilimuuliza swali moja chini ya maandishi yake: ulijuaje kuwa ni 200? Alijibu baada ya siku mbili, kwa uaminifu ambao hadi leo naushukuru, kwamba alitazama kitambaa na kwamba msimamizi wake alitaja idadi hiyo wakati wa kujaza patografu, ile chati ya mwenendo wa uchungu. Nikamweleza kuwa gramu moja ya damu inakaribia mililita moja, hivyo apime uzito wa pedi na vitambaa vikiwa vikavu, kisha avipime tena vikiwa na damu. Alipozalisha mara ya saba aliandika ukurasa mzima. Jicho lilimwambia 250, mizani ikamwambia 430. Alibaki na mama yule, akaendelea kulisugua tumbo la uzazi, akamwita mkunga, na akaandika kwamba kama angemwamini jicho lake angekwenda kunywa chai.

Jambo hilo si dogo katika nchi zetu. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2023, ulionyesha kuwa kupima damu kwa mfuko wenye alama za vipimo unaowekwa chini ya mama, pamoja na kutoa tiba zote kwa mkupuo mara tatizo linapogunduliwa, kulipunguza kwa asilimia 60 madhara makubwa ya kutokwa na damu baada ya kujifungua, yaani damu kufikia lita moja au zaidi, upasuaji wa tumbo kwa sababu ya damu hiyo, au kifo. Chanzo kimojawapo cha ucheleweshaji ni jicho linalokadiria pungufu. Logibuku ya mwanafunzi wangu ingesema tu kwamba amezalisha mara tatu, kisha mara saba, na ingekuwa na sahihi zote. Yale yaliyotokea kati ya mara ya tatu na ya saba, ambayo kwangu ndiyo elimu yenyewe, yasingeonekana popote.

Zipo shule zilizokwenda mbali zaidi. Chuo cha udaktari cha Cleveland Clinic Lerner huko Ohio, Marekani, kilichoanzishwa mwaka 2002 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2004, hakitoi alama wala nafasi za darasani. Mwanafunzi hukusanya mirejesho katika potifolio, huchagua mwenyewe ushahidi wa kila umahiri, huandika insha ya kujieleza kwa ushahidi huo, na kamati ndiyo inayoamua kama anaendelea. Kila mwanafunzi ana daktari mshauri anayekutana naye kuzungumzia yale mafaili. Sisemi tuige, kwa maana darasa lao ni la wanafunzi wapatao 32 na mfuko wao si wetu. Ninachokiona kwao ni kwamba mshauri aliwekwa ndani ya mpango tangu siku ya kwanza.

Naomba michango yenu, hasa kutoka kwa walioko wodini. Nawasilisha.

Zamu ya Usiku

Ndugu mleta uzi, nimekusoma kwa makini, na kwa kuwa umewaita walioko wodini nitaanza mimi. Ninaongoza wodi ya wazazi. Kuna usiku ambao tuko wauguzi wawili, mama wanaojifungua ni saba, na wanafunzi ni kumi na mmoja kutoka vyuo vitatu tofauti, kila chuo na kitabu chake. Mwanafunzi akinijia na logibuku saa kumi na mbili asubuhi nitatia sahihi, kwa sababu namwonea huruma, na kwa sababu nisipotia atarudishwa muhula.

Sasa mnataka niandike mrejesho kwenye simu. Nina maswali mawili. La kwanza, nitaandika saa ngapi? La pili ni la heshima ya kazi yetu. Mgonjwa na ndugu zake wakimwona muuguzi ameinamia simu hawasemi kwamba anamwandikia mwanafunzi mrejesho. Wanasema anachati wakati mgonjwa wao anaumia, na wengine hupeleka malalamiko. Nimeshawahi kuitwa kujieleza kwa ajili ya muuguzi aliyekuwa akikokotoa dozi kwenye simu yake. Bando nalo litalipwa na nani?

Sipingi wazo lako. Habari ya yule mwanafunzi na mizani imenigusa, kwa kuwa nimewaona mama waliokadiriwa pungufu. Lakini usiongeze mzigo juu ya mabega yaleyale.

Mkunga Mtarajiwa

Shikamooni walimu wangu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na naomba kusema upande wetu.

Chuoni kwetu tulianza kuandika tafakuri mtandaoni mwaka jana. Tulipewa fomu yenye vichwa sita, kuanzia kueleza tukio, kisha hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho, na mpango wa baadaye. Tuliambiwa tuandike moja kila wiki, kwa Kiingereza. Mwezi wa kwanza nilijitahidi. Nilieleza siku niliyoshindwa kupata mshipa wa mtoto mara tatu, mama yake akalia, nami nikaenda kulia chooni. Hakuna aliyejibu. Mwezi wa pili nikagundua kuwa wenzangu wanapeana maandishi na kubadilisha tarehe, na mwezi wa tatu nami nikafanya hivyo. Mwisho wa muhula wote tulipata alama zinazolingana, waliolia chooni na walionakili.

Lugha nayo ilinizuia. Kwa Kiingereza niliandika kwamba nilijifunza umuhimu wa mawasiliano mazuri na mgonjwa. Ni sentensi isiyo na kosa lolote, na mtu yeyote angeweza kuiandika bila kukanyaga wodini. Jambo nililotaka kulisema ni kwamba yule mama alinitazama, akaniita mwanangu, akasema acha kwanza upumzike mkono, ndipo nikaona kuwa yeye ndiye aliyekuwa ananiuguza mimi. Sikujua namna ya kuliandika hilo kwa Kiingereza bila lionekane la kitoto, na nilihofia kupunguziwa alama za sarufi.

Mkufunzi wa Leba (mleta uzi)

Marahaba, binti yangu. Nimeusoma mchango wako mara mbili, na nataka kuanza na jambo la lugha kabla sijamjibu Zamu ya Usiku, kwa sababu wakufunzi tumelikwepa kwa muda mrefu.

Mafunzo ya afya katika nchi zetu yanatolewa kwa Kiingereza, na faili la mgonjwa linaandikwa kwa Kiingereza. Sina ugomvi na hilo, na mwanafunzi lazima amudu kuandika ripoti ya zamu inayoeleweka na daktari yeyote. Lakini mama aliyeko leba anazungumza Kiswahili, au Kisukuma, au Kidigo. Mwanafunzi anamjibu kwa lugha hiyo. Hofu inampata kwa lugha hiyo. Na msimamizi anamkemea au kumtia moyo kwa lugha hiyo. Tukimwambia aitafsiri siku yake yote kabla ya kuitafakari, anachotuletea ni zile sentensi zisizo na kosa zisizosema kitu. Wale sita wa jaribio langu niliwaruhusu waandike kwa lugha waliyoitaka. Watano walichagua Kiswahili, na walichanganya istilahi za Kiingereza pale zilipohitajika, kama tunavyozungumza wodini. Maandishi yao yalikuwa marefu zaidi, lakini kubwa kwangu ni kwamba yalikuwa na watu ndani yake. Niliona majina ya dawa, saa, maneno aliyosema mama, mkono uliotetemeka. Bila maelezo hayo mkufunzi hana mahali pa kushika ili aulize swali.

Kuhusu fomu ya vichwa sita: hiyo ni duara ya tafakuri aliyoieleza Mwingereza Graham Gibbs mwaka 1988, na haina ubaya wowote kwa anayeanza. Ubaya huja inapogeuzwa kuwa fomu ya lazima kwa kila tukio, hata lile ambalo mwanafunzi hakuona chochote cha kulisemea. Nakubaliana nawe pia kwamba alama ndizo zilizowafundisha kunakili. Kwa maoni yangu tafakuri isipewe alama. Ithibitishwe tu kuwa ipo na kuwa imejadiliwa.

Na pole kwa kilio chako ambacho hakikujibiwa. Kushindwa kupata mshipa wa mtoto mara tatu kunawapata hata waliobobea, na mtu alipaswa kukuambia hivyo wiki ileile, kisha akakuuliza ulichagua mshipa gani na uliushikaje mkono wa mtoto.

Muuguzi Ughaibuni

Habari zenu ndugu zangu. Nilisomea uuguzi Kenya, na sasa nafanya kazi Uingereza, kama wengi waliokuja huku hasa baada ya makubaliano ya wafanyakazi wa afya kati ya nchi hizi mbili mwaka 2021. Ninasimamia wanafunzi wodini, kwa hiyo naweza kueleza inavyokwenda huku, mazuri na mabaya.

Mwanafunzi wa uuguzi wa huku hutakiwa kutimiza saa 4,600 za mafunzo, nusu yake, yaani 2,300, zikiwa za vitendo. Kila anapokwenda kufanya mazoezi ana jalada la tathmini, ambalo katika vyuo vingi sasa ni la kielektroniki, na ndani yake kuna mazungumzo matatu ya lazima: la mwanzo, la katikati na la mwisho. Tangu viwango vya mwaka 2018, anayemfundisha mwanafunzi siku kwa siku si yule anayempitisha. Ni watu wawili tofauti, na chuoni kuna wa tatu. Naona huo ndio moyo wa mpango kuliko programu yenyewe. Mimi ninayekaa naye zamu nzima naandika nilichokiona, na mwenzangu anayempitisha anasoma maandishi yangu na ya wengine kabla ya kuamua. Siwezi kumwonea huruma mlangoni, maana uamuzi si wangu.

Mimi mwenyewe, ingawa nilishahitimu, bado ninatunza potifolio. Tangu Aprili 2016 kila muuguzi na mkunga aliyesajiliwa huku hulazimika kuthibitisha usajili wake kila baada ya miaka mitatu. Anatakiwa awe na saa 450 za kazi, saa 35 za kujiendeleza ambazo 20 kati yake ni za kushirikiana na wengine, mirejesho mitano kuhusu kazi yake, na tafakuri tano za maandishi. Mleta uzi atafurahia kusikia kwamba kuziandika tafakuri hizo tano hakutoshi. Lazima ukae na muuguzi au mkunga mwingine aliyesajiliwa mzizungumzie. Mara ya kwanza niliona ni usumbufu, lakini mazungumzo yale, ya saa moja na mwenzangu aliyetoka Ufilipino, yalinifundisha kuliko semina zote za miaka ile mitatu.

Sasa baya. Madaktari waliohitimu huku hutumia potifolio ya kielektroniki tangu mfumo wao mpya wa mafunzo ulipoanza mwaka 2005, na wengi wao watakuambia kuwa imegeuka kazi ya kujaza visanduku. Kisha ikaja hofu kubwa zaidi. Mtoto mmoja alifariki katika hospitali ya Leicester mwaka 2011, na daktari aliyekuwa bado katika mafunzo alihukumiwa kwa kifo hicho mwaka 2015. Januari 2018 Mahakama Kuu iliamua afutwe katika orodha ya madaktari, na Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo. Zikaenea habari kwamba tafakuri zake ndizo zilizotumika kumtia hatiani. Taasisi iliyomtetea ilieleza kuwa potifolio yake haikuwekwa mbele ya baraza la mahakama, yaani wale raia wanaoamua hatia, lakini hofu ilikuwa imeshaingia, na madaktari wengi walitangaza wazi kwamba hawataandika tena makosa yao. Baraza la madaktari likalazimika kusema kuwa halitamwomba daktari maandishi ya tafakuri linapomchunguza, na ukatolewa mwongozo unaoshauri kuandika zaidi kuhusu ulichojifunza kuliko kusimulia tukio zima, bila kumtambulisha mgonjwa. Hata hivyo mahakama za huku bado zina uwezo wa kuagiza maandishi hayo yaletwe.

Kwa hiyo kabla hamjamwambia mwanafunzi aandike kosa lake, mwambieni kwanza nani ataweza kulisoma.

Fundi Seva

Naomba kuchangia kwa upande wa mitambo, nikiwa msimamizi wa mifumo katika chuo kimoja cha afya.

Fedha isiwe kisingizio cha kwanza. Vyuo vingi vya Afrika Mashariki tayari vinatumia Moodle kwa masomo ya mtandaoni. Ipo programu huria ya potifolio iitwayo Mahara, iliyoanza New Zealand mwaka 2006, inayoweza kuunganishwa na Moodle, na jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya fikra au kumbukumbu. Kwa miaka mingi imetolewa bila ada ya leseni. Gharama iko kwenye seva, kwenye nakala rudufu, na kwenye mtu wa kuitunza, na mtu huyo msimsahau kwenye bajeti, kwa sababu nimeshuhudia mfumo mzuri ukifa pale kijana mmoja alipopata kazi kwingine.

Kuhusu zile sahihi za siku moja, mfumo hauwezi kumzuia mtu kuthibitisha kazi arobaini kwa dakika kumi. Unachoweza ni kuonyesha wazi saa ambayo kazi iliandikwa na saa ambayo ilithibitishwa. Hilo lenyewe hubadilisha tabia, mradi kuna anayetazama. Msimamizi athibitishe kwa namba yake ya siri kwenye kifaa cha wodi, asipokee simu ya mwanafunzi na kubonyeza tu. Ninapendekeza kila wodi iwe na kishikwambi kimoja, chenye jalada lenye nembo ya hospitali, kinachokaa kwenye meza ya wauguzi. Hapo Zamu ya Usiku hataitwa tena kujieleza, na bando litakuwa la taasisi. Wanafunzi nao waweze kuandika bila mtandao, kisha maandishi yapande wanapofika penye mtandao, maana kuna vituo vya afya ambako hata ujumbe mfupi unasubiri upepo.

Jambo ambalo sitaki lipite kimyakimya ni siri za wagonjwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote zinazichukulia taarifa za afya kuwa nyeti. Wakati huohuo picha za eksirei na za vidonda zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi zikiwa na majina na namba za faili. Potifolio isiwe ghala jingine la picha hizo. Kwenye mfumo ninaousimamia nimezuia kabisa kupakia picha zinazotoka wodini. Hata kuondoa jina pekee hakutoshi. Ukiandika kwamba mama wa mapacha watatu alijifungua Jumanne katika kituo fulani cha kijijini, kijiji kizima kinamjua.

Mwisho, hakikisheni mwanafunzi anaweza kuondoka na potifolio yake anapohitimu, ikiwa faili linalofunguka popote. Ni yake.

Zamu ya Usiku

Hoja ya kishikwambi cha meza ya wauguzi naikubali. Hata hivyo muda bado ni uleule, na sijajibiwa.

Mkufunzi wa Leba (mleta uzi)

Una haki ya kusisitiza, dada yangu, na nilikuacha kwa sababu nilitaka kupiga hesabu kwanza.

Chukulia mkufunzi mwenye wanafunzi 30, kila mmoja akiandika tafakuri moja kwa wiki, na kila moja ikisomwa na kujibiwa kwa dakika 10. Hizo ni dakika 300, saa tano kila wiki, na hakuna mkufunzi ninayemfahamu mwenye saa tano za ziada. Ndiyo maana mwanafunzi aliyetuandikia hapo juu hakujibiwa. Chuo kilidai maandishi ambayo kilijua, au kilipaswa kujua, kwamba hayatasomwa. Kama kila mwanafunzi ataandika moja kwa wiki mbili, saa hizo zinakuwa mbili na nusu, na hizo zinaweza kuingizwa kwenye ratiba ya mkufunzi kama kipindi cha kawaida, zikahesabiwa kuwa kazi. Ningechagua tafakuri sita kwa muhula zilizojibiwa zote kuliko ishirini zilizonyamaziwa.

Kutoka kwenu wodini ningeomba kidogo sana. Sihitaji insha. Nahitaji sentensi mbili kwa mwanafunzi kwa wiki, moja ya alichokifanya vizuri na nyingine ya kurekebisha, na mtu asiyeweza kuandika azirekodi kwa sauti kwenye kile kishikwambi. Kujibu tafakuri kuwe kazi yetu wakufunzi. Na vyuo vinavyopeleka wanafunzi katika hospitali moja vikubaliane orodha moja ya umahiri, ili usipewe vitabu vitatu tofauti usiku mmoja. Hilo ni aibu yetu, na halihitaji kompyuta kulirekebisha.

Kuna aliyeniuliza kwa ujumbe binafsi kuhusu wanafunzi wanaoandikiwa tafakuri na programu za akili mnemba. Dawa ninayoijua ni kuzungumza. Nikimwuliza mwanafunzi ana kwa ana yule mama alikuwa amelala upande gani ulipomkuta, aliyekuwepo hujibu mara moja.

Ushauri wa Muuguzi Ughaibuni kuhusu nani anasoma nitaupeleka kwenye kikao kama ulivyo. Napendekeza tuweke vyumba viwili: kimoja cha ushahidi wa umahiri, kinachoonekana na chuo na wasimamizi, na kingine cha tafakuri, kinachoonekana na mwanafunzi na mkufunzi wake mmoja tu.

Zamu ya Usiku

Nakushukuru, mwalimu. Nimebaki na swali moja, na ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote. Katika chumba hicho cha pili, mwanafunzi akiandika kwamba alimwona muuguzi akimfokea mama aliyeko kwenye uchungu, au akimpiga kofi la paja ili asukume, utafanya nini? Hayo yapo, na wanafunzi wanayaona.

Mkufunzi wa Leba (mleta uzi)

Yapo, na mmoja wa wale sita aliyaandika.

Mambo mawili lazima yatenganishwe. Kumdhuru mgonjwa ni jambo la kuripotiwa kwa njia zake, kwa muuguzi mkuu au kwa baraza la wauguzi na wakunga, na potifolio haiwezi kuwa mahali pa kulificha wala pa kulishtakia. Wanafunzi waambiwe hivyo siku ya kwanza, kwa maandishi, pamoja na jina la cheo cha mtu wa kumwendea. Mkufunzi naye ajue kwamba akilisoma jambo kama hilo ahadi ya siri inaishia pale, na amwambie mwanafunzi hivyo waziwazi kabla ya kuchukua hatua. Lakini mwanafunzi wangu hakuandika ili kushtaki. Aliandika kwamba alisimama pale akiwa ameshika bakuli la vifaa, hakusema neno, na kwamba mama yule alipomaliza kujifungua ndiye aliyeomba msamaha. Alitaka kujua kama kunyamaza kwake kunamfanya kuwa mkunga mbaya.

Nilimpigia simu jioni ileile, kabla sijaandika chochote chini ya maandishi yake, na asubuhi yake tulikwenda wote wawili kuonana na muuguzi kiongozi wa wodi ile.